Kushona Mfarishi wa Viraka Huku Nyumba Inakarabatiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashona mifarishi ya viraka sebuleni kwangu hapa Kisumu, upande wa Mamboleo, na kwa miaka mitatu sasa nyumba hii haijakaa miezi miwili mfululizo bila fundi ndani. Lilianza paa, ikaja sakafu ya jikoni, kisha nyaya za stima. Maswali haya naulizwa na akina mama wa chama chetu, majirani, na jamaa wa Nakuru na Kakamega wanaonipigia simu jioni. Pale ambapo mtu anaweza kupoteza kitambaa chake nimejibu kwa urefu.

Mfarishi wa viraka una tofauti gani na blanketi la kawaida?

Una tabaka tatu. Juu kuna uso wa viraka vilivyoungwa, katikati kuna ujazo wa kuleta joto, na chini kuna bitana. Kinachoufanya uitwe mfarishi ni ule mshono unaopita tabaka zote tatu, toka juu hadi chini, kila baada ya inchi chache. Bila mshono huo ujazo husogea, na ukifua mara mbili unaukuta umejikusanya pembeni kama donge la ugali.

Je, ningoje mafundi watoke kabisa ndipo nianze?

Hapana. Nilingoja mwaka mzima, na gunia langu la vitambaa likatobolewa na panya stoo. Wengi wetu hukarabati nyumba kidogo kidogo kadiri pesa zinavyopatikana: mwezi huu mabati manne, baada ya mavuno plasta, Disemba rangi. Viraka navyo hushonwa kidogo kidogo. La muhimu ni kujua hatua ipi ya kushona inavumilia hatua ipi ya ujenzi.

Kukata kunataka meza imara na mwanga. Kuunga viraka viwili viwili kwa mkono kunataka kiti, sindano na uzi. Unaweza kukaa chini ya mwembe nje huku fundi anagonga ndani. Kuunga safu ndefu ni kazi ya cherehani. Kutandaza tabaka tatu na kuzipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kuzishikilia, ndiko kunakotaka sakafu nzima, kavu na safi, kwa saa tatu au nne. Baada ya hapo, kushona tabaka kwa mkono na kutia pindo unafanya popote unapoweza kuketi. Kwa hiyo katika kazi ya miezi mitatu ni siku moja tu ambayo nyumba lazima itulie. Fundi akisema anakuja Jumatatu, mimi natandaza Jumapili baada ya kanisa.

Nikishakata, nafunga viraka vya kila safu pamoja kwa utepe wa kitambaa, naweka na kikaratasi chenye nambari ya safu, kisha vyote vinaingia kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Fundi akibisha hodi saa moja asubuhi, nafunga ndoo tu, nami sijapoteza mpangilio.

Mvua imeingia kupitia paa lililofunguliwa na mfarishi umelowa. Nifanye nini?

Hili lilinipata Aprili, msimu wa mvua ndefu. Nilikuwa nimetandaza mfarishi wa mpwa wangu sakafuni, bandi imefika nusu. Fundi alikuwa ameng'oa mabati mawili asubuhi, akasema anakimbia kununua misumari, na siku hiyo hakurudi. Saa kumi jioni mawingu yakashuka kutoka upande wa milima ya Nandi, kama kawaida ya Kisumu. Maji yaliyoingia hayakujaza hata beseni moja, ila yalikuwa yamepitia bati kuukuu. Kiraka cheupe cha katikati kilipata doa la kutu lenye rangi ya chai ya mkandaa, ukingo wake mweusi kidogo, ukubwa wa kizibo cha soda.

Kwanza, usiuburute. Mfarishi uliolowa ni mzito na bandi hukatika. Ukunje ukiwa palepale sakafuni, ubebeni watu wawili, kisha uutandaze juu ya kamba tatu zinazokwenda sambamba ili uzito ugawanyike. Ukiutundika kwa ukingo mmoja, maji yatauvuta na viraka vitapinda.

Pili, usipige pasi, na doa la kutu usilitie jiki. Klorini huifanya kutu ishike zaidi. Kamulia limau juu ya doa, nyunyiza chumvi, acha juani kwa saa moja, suuza, rudia. Kwenye kitambaa cha rangi, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwa kuwa limau hupausha baadhi ya rangi. Doa langu lilitoka lote isipokuwa ule ukingo mweusi. Nikashonea juu yake jani la kitenge cha kijani, na mpwa wangu, ambaye leo ana miaka sita, hulitafuta jani hilo kwa kidole kabla ya kulala.

Tatu, hakikisha umekauka kabisa. Ujazo wa polista hukauka siku hiyohiyo kukiwa na jua. Ujazo wa pamba unaweza kuchukua siku mbili, na ukiukunja ukiwa na ubaridi ndani utaota ukungu. Weka kiganja katikati ya mfarishi: ukihisi ubaridi kuliko kitambaa kikavu kilicho kando, bado.

Nitajuaje hasa paa linavuja wapi kabla ya kutandaza?

Mahali tone linapoangukia ndani mara nyingi sipo tundu lilipo juu. Maji huingia, hutembea kwenye ubao, kisha hudondoka panapoyafaa. Mvua ikinyesha, weka alama ya chaki sakafuni chini ya kila tone. Kesho yake mchana, funga madirisha, kaa gizani dakika tano utazame juu. Matundu ya misumari huonekana kama nyota.

Kinachovujisha sana ni misumari iliyolegea. Bati hutanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku, msumari unapanda taratibu, na ule mpira chini ya kichwa chake unakauka na kupasuka. Fundi angalie pia msumari umepigwa wapi: unatakiwa uwe juu ya mgongo wa wimbi la bati, si kwenye mfereji ambako maji yanapita. Kama mtangulizi wake aliipiga mferejini, kuipaka lami kutakupa nafuu ya msimu mmoja tu. Mlipe aing'oe, azibe matundu, apige upya.

Hadi hilo lifanyike, nunua nailoni nyeusi ya geji 1000, ile inayotandikwa chini ya slabu. Maduka ya vifaa vya ujenzi hukata kwa mita. Mita tatu zinafunika cherehani, meza na ndoo ya viraka kwa pamoja. Usiitande moja kwa moja juu ya mfarishi kwa siku nyingi, maana nailoni hufungia unyevu; weka shuka kuukuu kati yao.

Vumbi la saruji na la mbao lina madhara gani kwa kitambaa?

La saruji ndilo baya zaidi. Likilowa huwa kama magadi makali, huunguza ngozi ya vidole, na likikaukia kwenye kitambaa hugeuka changarawe inayokula uzi. Kikung'ute nje kwanza kikiwa kikavu, ndipo ukifue. Ukikilowesha kabla ya kung'uta, umechanganya saruji.

Sakafu mpya ya saruji huwa inamwagiwa maji kwa siku 7 hivi ili ishike vizuri, na nguvu yake huhesabiwa kuwa imefika baada ya siku 28. Mimi sitandazi mfarishi juu ya sakafu mpya kabla ya siku hizo 28 kwisha, hata kama juu inaonekana kavu. Unyevu huendelea kupanda taratibu, nawe umepiga magoti hapo kwa saa nne nzima na pamba imetanda chini yako.

Cherehani nalo linateswa na vumbi. Kila jioni ya siku ya fundi, fungua mlango wa bobini, toa nyuzinyuzi kwa burashi ndogo, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu. Mafuta ya kupikia yasiguse mashine. Hugandiana na vumbi na kuwa gundi. Jamaa zangu wa Nakuru wananiambia vumbi lao la msimu wa kiangazi linawatosha hata bila ujenzi, nami nawaamini. Wao huvalisha cherehani foronya kila wanapoondoka.

Fundi wa madirisha atachomelea grili nikiwa nashona. Kuna shida?

Ipo, na kubwa. Cheche za kuchomelea huruka mbali kuliko unavyodhani, na ujazo wa polista ukipata moto huyeyuka na kugandia mwilini. Kila kitambaa kitoke chumba hicho. Usiamini kwamba kukifunika kwa turubai kunatosha.

Na kupaka rangi au kubomoa paa la zamani?

Harufu ya rangi ya mafuta huingia kwenye pamba na hukaa wiki kadhaa. Hamishia vitambaa kwa jirani. Rangi kuukuu usiikwangue ikiwa kavu. Inaweza kuwa na madini ya risasi, na unga wake ukitua kwenye mfarishi wa mtoto atalala nao. Ilowanishwe kwanza.

Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la asbestosi, yale mabamba ya kijivu yanayofanana na saruji, hapo hakuna kujaribu. Lisikatwe, lisitobolewe, lisifagiliwe. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kitambaa kilichopata vumbi lake usikikung'ute wala usikipeleke kwenye beseni la kufulia. Waachie hao wakitupe pamoja na mabamba.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka kitambaa kiasi gani?

Hesabu hii naipenda, tuifanye pamoja. Kitanda chako ni inchi 60 kwa 72. Tunataka mfarishi uning'inie inchi 12 kulia, 12 kushoto na 12 miguuni. Upande wa mito hauhitaji. Unapata inchi 84 kwa 84. Tukichagua viraka vinavyobaki inchi 6 baada ya kushonwa, tunahitaji 14 kwa 14, yaani 196. Kila kimoja kikatwe inchi 6 na nusu, kwa sababu robo inchi huliwa na mshono kila upande.

Kitenge cha yadi 6 chenye upana wa inchi 44 kinatoa viraka 6 kwa upana na 33 kwa urefu: 198. Kwa hiyo mfarishi mzima ni sawa na kitenge kimoja kamili. Kikirudi kidogo baada ya kufuliwa utapata kama 190. Bila shaka hutashona kitenge kimoja cha rangi moja. Chukua yadi mbili mbili za aina tatu, au kusanya masalio kwa mafundi wa nguo. Wengi watakupa bure ukiwaomba kwa adabu na ukaenda na mfuko wako.

Masalio yapime kwa moto. Choma uzi mmoja: pamba hunukia kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usivichanganye, kwa maana pasi inayonyoosha pamba huikunja polista. Na kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Chekundu na cha buluu nzito viloweke peke yake, ubadilishe maji mpaka yatoke safi. Kitambaa kinachochuja ndani ya mfarishi ulioisha hakina dawa.

Bitana natumia shuka la pamba la mtumba. Nenda soko la Kibuye Jumapili na tepu yako mfukoni, shuka lisipungue inchi 90 kila upande. Pindo linahitaji vipande 9 vya upana wa inchi 2 na nusu, vilivyokatwa kwa upana wa kitenge na kuungwa mshazari. Kwa cherehani, sindano nambari 90/14 inapenya tabaka tatu vizuri. Kwa mkono, vaa subana.

Anayeanza asianze na kitanda. Ashone wa mtoto mchanga, viraka 6 kwa 6, ajifunze makosa yake hapo.

Kisumu kuna joto. Mfarishi ni wa nini?

Swali hili nililichukia zamani, siku hizi nalifurahia. Wa Nakuru hawaulizi. Kule ni mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari na Julai usiku unakung'ata. Sisi tuko kwenye mita 1,131 kando ya ziwa, na ni kweli ujazo mnene hapa ni mateso.

Kwa hiyo acha ujazo. Wanawake wa Bengali, huko India na Bangladeshi, wana mfarishi uitwao kantha: wanapanga sari kuukuu tabaka mbili au tatu, kisha wanapitisha mshono wa kawaida wa mkono, mdogo na wa karibu karibu, uso mzima. Haina pamba katikati. Chukua leso tatu zilizolainika kwa kufuliwa, zile ambazo umembebea mtoto mgongoni, uzipange hivyohivyo. Unapata kitu chepesi, kinachopitisha hewa, kinachofaa usiku wa saa tisa mvua ikishapita. Hakihitaji sakafu kubwa wala cherehani, na mafundi wakiwa ndani unakikunja mapajani ukaendelea. Kama ningeshauri jambo moja kwa mtu wa Kisumu mwenye ukarabati, ningemwambia aanze na leso.

Kitu kimoja: ukipanga leso, amua mapema kama jina liko juu au limefichwa ndani. Dada mmoja wa chama alitaka jina la leso ya mama yake lisomeke katikati, na tulilazimika kufumua jioni mbili nzima kwa sababu lilikuwa limelala kichwa chini.

Nataka kutumia nguo za kazi za marehemu baba. Zinafaa?

Zinafaa, na pole sana. Jinzi na kaki ni nguo nzuri ila ni nzito: tumia sindano 100/16, kata viraka vikubwa ili mishono inene ipungue, na mishono ifungue pande mbili badala ya kuilaza upande mmoja. Magoti yaliyopauka yaache yaonekane. Mfuko unaweza kubaki kama ulivyo.

Huna haja ya kuogopa kwamba unafanya jambo geni. Huko Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake walishona mifarishi ya nguo za shambani kwa vizazi, nyumba zao zikiwa na nyufa zinazopitisha baridi. Mama mmoja, Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, mwaka 1942 alishona mfarishi kutoka kwa nguo za kazi za huyo mume. Mifarishi ya kijiji hicho ilikuja kuonyeshwa kwenye majumba makubwa ya sanaa mwaka 2002. Mtu anaweza kuona katika picha mahali ambapo goti lilichakaa.

Nguo hizo zikate siku ambayo hakuna fundi nyumbani. Kazi hiyo inataka utulivu.

Stima imekatwa ili nyaya zibadilishwe. Nashonaje?

Cherehani la miguu halihitaji stima, na kama lako lina motor, magurudumu mengi huzungushwa kwa mkono kwa mishono michache. Kunyoosha mshono mfupi, bonyeza kwa mgongo wa kijiko cha chuma juu ya ubao. Pasi ya makaa itumie nje, uifute chini kwa kitambaa chenye unyevu kila mara.

Ukirudishiwa stima, jua kwamba pasi hula zaidi ya wati 1,000 na cherehani dogo hula karibu 100 au pungufu. Usiunganishe pasi kwenye ekstensheni ileile ya mashine ya fundi ya kukata vigae. Soketi ikipata moto au ikinuka plastiki, zima, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Fundi ameahidi kesho mara nne. Nimpangeje?

Nunua vifaa mwenyewe, umlipe kazi. Mkubaliane kwa hatua: paa likifungwa, malipo ya kwanza, mvua ya kwanza ikipita bila tone, malipo ya mwisho. Na sharti moja ambalo tangu ule Aprili siliachi: bati halifunguliwi mpaka misumari na bati jipya viwe vimelala uani. Mwambie kwa heshima, mpe chai, lakini simama hapo.

Naishi chumba kimoja. Nitatandaza wapi?

Omba ukumbi wa kanisa au darasa siku ya Jumamosi. Au shona mfarishi kwa vipande vinne, kila kimoja na tabaka zake tatu, kisha uviunge mwishoni na kufunika kiungo kwa utepe upande wa bitana.

Nihifadhi vipi mpaka nyumba iishe?

Ndani ya foronya ya pamba, juu ya rafu, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kwani ukuta unaonyonya maji huupa mfarishi ukungu mgongoni bila wewe kuona. Usiweke sanduku la mbao moja kwa moja sakafuni. Mchwa hupanda usiku mmoja. Kila mwezi ufungue, uukunje upya pasipo na mikunjo ya zamani, na uuanike kivulini penye upepo. Jua kali la saa sita linapausha vitenge.

Inachukua muda gani, kwa kweli?

Wa mtoto, wiki tatu za jioni. Wa kitanda, miezi mitatu ukiwa na cherehani, sita kwa mkono. Ongeza mwezi mmoja kwa kila fundi.